Mzigo wa Mikoani

Ramadhani iliyopita binti yangu alinipigia simu kutoka Dar. Nilikuwa jikoni nakoroga uji wa futari, simu nimeibana kwa bega.

"Mama, mmeshafuturu?"

"Bado mwanangu. Jua bado liko juu ya maji."

"Mimi huku ndo namaliza kuosha vyombo."

Sebuleni televisheni ilikuwa imeshaadhini zamani. Wajukuu wa dada yangu, wawili, mwaka wao wa kwanza kufunga mwezi mzima, waliposikia adhana walirukia sahani ya tende. Mama yangu mzazi akawakamata mikono. "Rudisheni. Hiyo ni adhana ya Pwani. Yetu iko njiani inakuja." Kisha akatoka nje, akaketi kwenye kigoda chake ukutani, uso kuelekea ziwani. Hapa Ujiji, Kigoma, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, jua huzama upande wa Kongo. Siku isiyo na ukungu unaiona milima ya ng'ambo kama mstari wa moshi, na jua linashuka nyuma yake taratibu. Mama anaamini macho yake kuliko saa ya ukutani, na miaka yote niliyofunga naye hajawahi kukosea.

Nilipokuwa sekondari mwalimu wa Jiografia alitufundisha kwamba dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi moja kwa dakika nne. Dar iko kwenye nyuzi 39 na kidogo mashariki, Kigoma iko 29 na nusu hivi. Piga hesabu, unapata kama dakika 39. Siku ile adhana inaposikika Dar saa kumi na mbili na nusu na dakika chache, futari inaanza safari. Morogoro inafika baada ya dakika 6 au 7. Dodoma baada ya 14. Tabora 26. Kwetu ni saa moja imepita na dakika kumi na zaidi ndipo mwadhini wetu anapanda. Ni njia ileile ya reli ya kati, kama kilomita 1,250, treni inailala mara mbili na futari inaimaliza kwa dakika 39. Wala msidhani tunafunga zaidi ya wenzetu: daku yetu nayo inachelewa kuisha kwa dakika hizohizo. Urefu wa saumu ni mmoja. Kilichopishana ni jua, na saa tumepewa moja.

Nimeanza na futari kwa sababu ndiyo inayoeleweka upesi. Lakini jambo linalonisumbua ni neno, na neno lenyewe ni "mikoani".

Mtu wa Dar akikwambia "nasafiri, naenda mikoani", hujui anakwenda Mtwara au Bukoba. Kuna mabasi ya mikoani, bei za mikoani, mawakala wa mikoani, mzigo wa mikoani. Tanzania Bara ina mikoa 26. Dar es Salaam ni mmoja wao, una mkuu wa mkoa kama sisi, una wilaya kama sisi. Lakini katika lugha ya kila siku mkoa huo unaitwa Dar, na ile 25 iliyobaki inafungwa kwenye kiroba kimoja na kuandikwa "mikoani". Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu Watanzania milioni 61.7. Dar walikuwa milioni 5.38. Kwa hiyo zaidi ya watu tisa katika kila kumi hawakai Dar. Taifa karibu lote liko ndani ya kiroba hicho, na hakuna anayekifungua kuona kuna nini.

Mimi nauza pembejeo. Duka langu liko Mwanga, hapa mjini Kigoma, mwaka wa kumi na mmoja sasa: mbegu za mahindi, maharage, mboga, dawa za wadudu, vinyunyizio, majembe. Nauza rejareja, na nauza jumla kwa wenye maduka madogo wilayani. Wateja wananiita Mama Mbegu na jina limenikaa. Biashara hii imenifundisha kwamba mkoa wangu peke yake hauwezi kuitwa kwa jina moja, sembuse mikoa 25.

Mwaka wangu wa tatu dukani alikuja mzee mmoja kutoka Kakonko. Ilikuwa mwishoni mwa Septemba. Mwanga ilikuwa vumbi tupu, miti ya barabarani imekuwa rangi ya udongo, na mimi shelfu za mbegu za mahindi zilikuwa karibu tupu, zimebaki pakiti chache za mwaka uliopita ambazo nilikuwa siziuzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akavua kofia, akaangalia shelfu.

"Mama, mbegu ziko wapi?"

"Baba, ni mapema. Mzigo unaingia Oktoba mwishoni. Mvua Novemba."

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwa upole, wala si kwa ugomvi: "Mvua ya nani Novemba? Kwangu imenyesha juzi."

Sikuwa najua. Nimezaliwa Ujiji, nimekulia Ujiji, na nilidhani mvua ya mkoa wa Kigoma ni ile inayonyesha juu ya bati langu. Mwenye duka la mbegu nilikuwa sijui mvua ya mkoa wangu. Baadaye nilikuja kusikiliza vizuri utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, nikakuta wao wanalijua jambo hili siku zote na wanalisema waziwazi. Kakonko na Kibondo, kaskazini mwa mkoa, wanawekwa kwenye kundi la maeneo yenye misimu miwili, pamoja na ukanda wa Ziwa Viktoria: wana vuli, wana masika. Sisi wa kusini mwa mkoa tuko na Tabora na Katavi, tuna msimu mmoja tu, unaanza Novemba hivi unakwenda mpaka Aprili au Mei. Utabiri wa vuli hutolewa kwanza, wetu wa msimu hutolewa baadaye. Mkoa mmoja, bendera moja ofisini kwa mkuu wa mkoa, na mkulima wa juu anapalilia wakati wa chini bado anangojea wingu.

Yule mzee hakununua kitu. Alikunywa maji, akarudi stendi. Safari yote ile, wakati ule barabara ya Kasulu mpaka Nyakanazi kipande kikubwa ni vumbi na mashimo, alikuja na kurudi mikono mitupu kwa sababu yangu. Alipokuwa anaondoka alisema neno ambalo sijalisahau: "Nyie wa ziwani mnatuona sisi kama Dar wanavyowaona nyie."

Nililala nalo usiku ule. Ni kweli. Hapa mjini tunasema "watu wa juu" tukimaanisha Kasulu, Buhigwe, Kibondo, Kakonko, wote kwa pamoja, kana kwamba ni kijiji kimoja chenye baridi. Mume wangu ni wa Buhigwe, upande wa Manyovu, karibu na mpaka wa Burundi. Kwao asubuhi ya Juni unatoka na sweta, migomba imeloa umande, kahawa imejaa mabondeni. Ukishuka kwetu ziwani siku hiyohiyo unavua sweta kabla hujafika Mwandiga. Shemeji zangu wakija wanashangaa tunavyokula ugali wa muhogo na dagaa waliopikwa kwa mawese mpaka mchuzi unakuwa mwekundu. Wao ni watu wa maharage na ndizi. Na ukienda Uvinza ni habari nyingine kabisa: joto, misitu ya miyombo, Mto Malagarasi, na chumvi ambayo watu waliichemsha kutoka kwenye chemchemi karne nyingi kabla Mjerumani hajafikisha reli hapa mwaka 1914. Watu wa Uvinza, wa Kalya kule kusini mwambao, wa Kalinzi juu milimani: kila mmoja ana msimu wake, na mbegu inayomfaa mmoja inamtia hasara mwingine.

Basi mwaka uliofuata nikaamua kurekebisha. Mwezi wa saba mwishoni nilimpigia simu msambazaji wangu wa Dar. Sitamtaja, aliyekuwa anashika simu ni kijana mwenye adabu na najua alikuwa anafuata utaratibu aliopewa. Nikamwambia nahitaji katoni 60 za mbegu za mahindi za muda mfupi, zinifikie kabla ya tarehe kumi Septemba, kwa ajili ya wateja wa Kakonko na Kibondo.

"Mama, mzigo wa mikoani unatoka Oktoba."

"Najua. Huu ni wa vuli."

"Vuli ni ya huku Pwani na kaskazini, mama. Kigoma kwenye orodha yetu ni msimu mmoja."

Nilimweleza. Nilimsomea hata majina ya wilaya. Akasema ataulizia. Wiki mbili baadaye akaniambia kwa masikitiko kwamba wakubwa wamesema ghala la mikoani linafunguliwa kwa pamoja, hawawezi kumfungulia mtu mmoja. Hela nilikuwa nimeshalipa nusu. Mzigo ulifika tarehe 23 Oktoba usiku, Fuso lina vumbi mpaka kwenye kioo, utingo amejifunga kanga ya mtu kichwani. Nilifungua katoni ya kwanza palepale kwa taa ya simu. Pakiti za kilo mbili, zimepangwa safi, rangi ya dawa inaonekana kwenye punje, nyekundu inayong'aa. Mbegu nzuri kabisa. Kakonko walikuwa wameshapanda wiki tatu nyuma, wengi wao mahindi ya ghalani kwao, yale wanayochagua magunzi makubwa na kuyaning'iniza juu ya moshi wa jiko.

Yule mzee akaanza kuchukua mzigo Kahama. Hakunificha, alinipigia simu mwenyewe kuniambia. Hasara ile niliibeba mpaka mwezi wa nne, na mbegu nyingine zilibaki, na mbegu ikipitisha tarehe yake mimi siuzi, hata kwa bei ya kutupa.

Nimewahi kuulizwa kwa nini nisihame tu kwa msambazaji mwingine. Nilijaribu wawili. Kila mmoja ana orodha yake, na kwenye kila orodha Kigoma ni mstari mmoja.

Mwaka 2024 jambo hilihili nililiona ziwani. Nchi nne zinazochangia Ziwa Tanganyika, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha ziwa, na kwa upande wetu uvuvi ulifungwa tangu tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Miezi mitatu. Mimi naunga mkono, samaki walikuwa wamepungua na kila mtu wa mwaloni alikuwa analiona hilo. Lakini jueni ilivyokuwa. Kwa kawaida usiku wa giza, mwezi ukiwa haupo, ukisimama kwenye kilima chochote hapa mjini unaona taa za wavuvi ziwani zimetapakaa kama mji mwingine unaoelea. Dagaa hufuata mwanga, ndiyo maana mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hupumzika na kushona nyavu. Miezi ile mitatu ziwa lilikuwa jeusi kila usiku, giza na mbalamwezi sawasawa. Chanja za kuanikia dagaa zilikauka mpaka nyaya zikaanza kutu. Akina mama wanaonunua mbegu za mchicha na nyanya kwangu kwa hela ya dagaa waliacha kuja, na mimi nilijua idadi yao kwa daftari la madeni.

Nikapigia simu ndugu mmoja Dar, katika mazungumzo nikamwambia hali ni ngumu, ziwa limefungwa. Akasema, "Lakini dagaa wa Mwanza si wapo?" Hakusema kwa ubaya. Kwake dagaa ni dagaa. Dagaa wa Mwanza anatoka Ziwa Viktoria, ni samaki mwingine kabisa. Dagaa wetu ana mwili mwembamba wa fedha, akianikwa vizuri kwenye chanja, si kwenye mchanga, unamla mzima na kichwa chake na husikii chembe ya changarawe. Dar wanamjua kwenye sahani, wanamlipia bei juu, wanaandika "dagaa wa Kigoma" kwa herufi kubwa. Ziwa analotoka likifungwa miezi mitatu, habari hiyo ni ya mikoani.

Nataka niwe mkweli kwa Dar pia. Nusu ya watu niliosoma nao wako kule. Binti yangu yuko kule anasoma, na mji ule umemfungulia milango ambayo hapa isingefunguka. Wala sioni kosa bandari kubwa, viwanda na vyuo vingi kuwa sehemu moja. Kila nchi ina mji wake mkubwa. Ninachokataa ni ile tabia ya mji mmoja kuwa kipimo. Saa inapimwa kwa jua la kule, mvua kwa wingu la kule, bei kwa soko la kule. Serikali yenyewe iliamua mwaka 1973 makao makuu yawe Dodoma, na hatimaye imehamia kweli. Lakini maghala, orodha na utaratibu wa kampuni bado viko palepale, na vinaona mpaka Ubungo tu, hapohapo Dar.

Nilisoma miaka miwili Tabora, na huko ndiko nilikoanza kuelewa kwamba hata sisi wa magharibi, ambao ukiwa mbali unaweza kudhani ni ndugu pacha, hatufanani. Mimi nilitoka kwenye ziwa lenye kina cha mita 1,470, ambapo maji ni kitu cha kukuogopesha, si cha kukukosesha usingizi. Tabora nilikuta wasichana wenzangu wanaamka usiku kupanga ndoo kisimani. Baadaye sana ndipo maji ya Ziwa Viktoria yalipofikishwa Tabora, Nzega na Igunga kwa bomba, na nilipopita pale nikaona bomba linamwaga maji uani kwa mama aliyekuwa akinipangisha chumba, nilisimama nikaliangalia kwa muda. Mama yule wala hakuona ajabu kwamba namwangalia. Naye alikuwa analiangalia. Tabora ni kivuli cha miembe, asali ya miyombo, tumbaku kule Urambo na Kaliua. Walinifundisha kula michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa. Walinishangaa ninavyoona ni shida kula nyama siku tatu mfululizo bila samaki. Asubuhi wanakwambia "mwangaluka", kwetu Waha wanakwambia "mwakeye", na sisi wa Ujiji tuna Kiswahili chetu chenye maneno ya Kimanyema na ya ng'ambo ambayo hata Tabora waliniomba niyarudie.

Na watoto wa shule. Hili la mwisho linaniuma kama mzazi. Ratiba za asubuhi zinafanana nchi nzima. Kuna miezi, Februari na Julai hasa, ambapo hapa Kigoma jua linachomoza saa moja asubuhi imeshapita. Dar siku hiyohiyo limeshachomoza zaidi ya nusu saa nyuma. Kwa hiyo mtoto wa Kigoma anayetakiwa kufanya usafi saa kumi na mbili na nusu anatembea gizani, giza la kweli. Mwanangu wa mwisho alipokuwa darasa la tatu nilimfungia tochi ndogo kwenye mkanda wa begi, ile ya kichwani ya wavuvi, nikawa nasimama mlangoni kuangalia ile taa ikishuka na barabara mpaka ikate kona. Nyumba ya pili inatoka taa nyingine, ya tatu nyingine. Mama yangu alikuwa akisema wanafanana na mitumbwi inayokwenda kuvua. Tulizungumza kwenye kikao cha wazazi, mwalimu mkuu akatuelewa, akasogeza usafi mpaka baada ya masomo. Ni mtu mmoja aliyeangalia dirishani kabla ya kuangalia ratiba, basi.

Sasa treni ya umeme inatoka Dar mpaka Dodoma tangu mwaka 2024, na kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022. Nangojea kwa hamu. Lakini nikisikia watu wanavyosema "itafika mpaka mikoani" najiuliza itashusha nini huku na itapakia nini, na nani ameulizwa.

Tuje kwenye mwaka huu, kwa sababu ndio ulionifanya nikae kuandika. Mwezi wa sita niliacha kubembeleza orodha za Dar. Tulikaa wenye maduka watano, wawili wa Kibondo, mmoja wa Kasulu, mimi, na yule mzee wa Kakonko, ambaye niliomba sana mpaka akakubali kunisamehe. Tukachanga hela. Tukamtuma mtoto wa kaka yangu Arusha, kwenye kampuni ya mbegu inayouza moja kwa moja kwa anayelipa taslimu na kuja na gari lake. Akachukua katoni 140 za muda mfupi mwezi wa nane, akapitia Singida, Nzega, Kahama, akashusha za Kakonko kwanza, kisha Kibondo, kisha Kasulu, na zangu za mwisho. Yaani gari lilifuata mvua. Mara ya kwanza katika miaka kumi na moja mimi wa mjini kupata mzigo baada ya wa juu, na ndivyo inavyotakiwa.

Juzi Jumanne, tarehe za mwisho za Septemba, mzee alipiga simu alfajiri. Nikamwamkia. Akaitikia, kisha akasema, "Mama, imenyesha usiku kucha. Zimebaki katoni nne. Kuna mtu ana nyingine?"

Nikamwambia ninazo thelathini ghalani, zangu za Novemba, nitakupa ishirini, utazirudisha baadaye. Fuso la jirani lilikuwa linapanda Kibondo hadi Kakonko kuchukua maharage. Tukapakia saa mbili asubuhi, jua ndiyo limeanza kupata nguvu, vumbi la Mwanga linapanda mpaka kwenye kope. Kijana wangu akafunga turubai. Nikamuuliza kwa nini unafunika na hakuna hata wingu. Akasema mzee amesisitiza.

Jana jioni lile Fuso limerudi na maharage. Limeegeshwa mbele ya duka langu, kwenye vumbi, na matairi yote sita yamejaa tope jekundu, bichi bado, na kipande cha jani la mgomba kimenata kwenye kizuizi cha tope cha nyuma. Wateja wangu wa Uvinza waliokuja asubuhi hii kuulizia lini waje kuchukua mbegu walisimama wakaliangalia tope lile, mmoja akalibonyeza kwa kidole.

"Hili limetoka nchi gani?" akauliza.

"Kakonko," nikamwambia. "Nyie njooni Novemba."